PolitiFact: Kipimo cha Kauli za Wanasiasa, Kinavyosomeka Kutoka Ohio

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2024, Donald Trump alipotamka katika mdahalo wa Philadelphia kwamba wahamiaji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa wenyeji, simu yangu haikutulia hadi alfajiri. Sisi Waswahili wa Columbus tuko mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka mji huo, na kundi letu la WhatsApp lilijaa swali moja tu: je, ni kweli? Wapo ambao walikuwa wamekwisha kumpata mtu aliyeambiwa na mtu aliyeona. Nilifanya nilivyozoea kufanya tangu uchaguzi wa 2008, nikafungua PolitiFact, tovuti ya Kimarekani inayohakiki kauli za wanasiasa, na kwa kuwa wengi huniuliza kama huduma hiyo ni ya kuaminika, nimeona niandike tathmini yangu kamili.

PolitiFact ilianzishwa mwaka 2007 na gazeti la Florida lililoitwa St. Petersburg Times, ambalo siku hizi ni Tampa Bay Times, na tangu 2018 iko chini ya Taasisi ya Poynter, shule ya uandishi wa habari isiyolenga faida. Kazi yake katika uchaguzi wa 2008 iliipatia Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya wanahabari wa Marekani, mwaka uliofuata. Msomaji halipi chochote. Waandishi wake huchukua kauli moja ya mwanasiasa, humtaka msemaji wake atoe ushahidi, huwauliza wataalamu wanaokubali kutajwa majina, kisha mwandishi hupendekeza alama na wahariri watatu huipigia kura. Alama ni sita, kuanzia kweli tupu, kupitia nusu kweli, hadi daraja la mwisho ambalo kwa Kiswahili ni "suruali inawaka moto", maneno yanayotokana na wimbo ambao watoto wa Kimarekani humzomea nao mwongo. Chini ya kila makala wameorodhesha nyaraka na watu wote waliowategemea, jambo ambalo ningependa kuliona katika magazeti yetu ya nyumbani.

Dai la Springfield lilipata hilo daraja la mwisho, na hapakuwa na ugumu wowote, kwa sababu maofisa wa mji walikuwa wamekwisha kusema kwamba hawana ripoti yoyote ya kuaminika ya kisa kama hicho. Lakini alama hiyo haikunifaa kama maelezo yaliyokuwa chini yake na yaliyoendelea kuongezwa siku zilizofuata, ambamo mtu aliweza kufuatilia jinsi uvumi wa mitandaoni ulivyopanda ngazi hadi kwenye akaunti ya JD Vance, aliyekuwa seneta wetu na mgombea mwenza, na kutoka hapo hadi jukwaa la mdahalo. Siku tano baada ya mdahalo, Vance aliiambia CNN kwamba ikibidi "kutengeneza hadithi" ili vyombo vya habari viangalie mateso ya Wamarekani, basi atafanya hivyo. Alipobanwa, alieleza kwamba alikuwa na maana ya kuvuta macho ya wanahabari, na kwamba habari zenyewe alizipata kwa wananchi wake. Haki yake ni kwamba ufafanuzi huo utajwe, nami nimeutaja. Hata hivyo, wakati yeye akifafanua, shule za Springfield zilikuwa zikihamisha watoto kwa vitisho vya mabomu, na Gavana Mike DeWine, Mrepublican mwenzake aliyezaliwa katika mji huohuo, alitangaza kwamba vitisho hivyo vilizidi 30 na vyote vilikuwa vya uongo. Mwishoni mwa mwaka PolitiFact iliichagua kauli hiyo kuwa Uongo wa Mwaka.

Kauli ya namna hiyo ni rahisi kuipima. Ubora wa huduma hii, na kasoro zake pia, vinaonekana zaidi pale mwanasiasa anapokuwa na watu wanaojua kazi yao. Nitoe mfano ambao ulitokea hapahapa Ohio mwishoni mwa Oktoba 2012. Mitt Romney, mgombea urais wa Republican dhidi ya Obama, aliuambia mkutano mjini Defiance kwamba amesoma habari kuwa Jeep, magari yanayotengenezwa na kampuni ya Chrysler, inafikiria kuhamishia uzalishaji wote China. Habari aliyoisoma ilikuwa imepotoshwa, kwani Chrysler ilikuwa ikizungumzia kuanza tena kutengeneza Jeep China kwa ajili ya soko la China. Hapo ulimi ulikuwa umeteleza, na wapambe wake wangeweza kunyamaza. Badala yake, siku chache baadaye ulitokea kwenye televisheni tangazo la kampeni lililosema kwamba Obama aliziingiza General Motors (GM) na Chrysler katika ufilisi, akaiuza Chrysler kwa Waitaliano ambao watatengeneza Jeep China.

Ukilikata tangazo hilo kipande kimoja kimoja, ufilisi ulikuwepo, Waitaliano walikuwepo, na China Jeep zingetengenezwa. Neno "kuhamisha" halikutamkwa. Lakini fundi wa kiwanda cha Toledo aliyekuwa ameketi mbele ya televisheni jioni ile alielewa jambo moja tu, kwamba kazi yake inaondoka, wakati kiwanda chake kilikuwa kinajiandaa kuongeza wafanyakazi 1,100. Mkuu wa Chrysler, Sergio Marchionne, alilazimika kuwaandikia wafanyakazi kwamba uzalishaji wa Jeep hautahama Marekani kwenda China. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri wa habari: kuunda sentensi ambayo wakili anaweza kuitetea ilhali msikilizaji anabaki na picha ambayo sentensi yenyewe haikuichora. PolitiFact haikudanganyika na vipande, ikalitangaza tangazo hilo kuwa Uongo wa Mwaka wa 2012, na makala yake kuhusu mkasa huo bado naiona kuwa miongoni mwa kazi zao bora, kwa sababu ilipima kile alichoachiwa msikilizaji. Na miezi miwili kabla ya tangazo hilo, mtafiti wa kura za maoni wa kampeni hiyohiyo, Neil Newhouse, alikuwa amesema waziwazi kwamba hawataruhusu kampeni yao iendeshwe na wahakiki wa taarifa. Nilimsikia nikamheshimu kwa jambo moja: angalau yeye hakuficha mkakati.

Msomaji asidhani kwamba upande wa pili umepona. Mwaka 2008 Barack Obama aliahidi kwamba mtu anayependa bima yake ya afya ataendelea kuwa nayo, na PolitiFact wakati huo iliipa kauli hiyo alama ya kweli. Baadaye, sheria yake ya bima ya afya ilipokuwa ikijadiliwa na hata ilipokwisha kupitishwa, ilishushwa hadi nusu kweli. Mwaka 2013, baada ya watu takriban milioni 4 kupokea barua za kufutiwa bima, kauli ileile ikawa Uongo wa Mwaka. Wapinzani wa huduma hii hutumia mfano huo kila siku, na siwalaumu. Kutoa alama ya kweli kwa ahadi ya sera ambayo haijaandikwa hata kuwa mswada ni sawa na kuuonja wali ambao mchele wake bado uko gunia. Kwa upande mwingine, makala zote hizo bado ziko pale pale, hazikufutwa wala kufichwa, nami nimezisoma kwa mfululizo kama mtu asomaye hati za kesi. Ni wanasiasa wangapi wanaoacha kauli zao za zamani zikae hadharani kwa namna hiyo?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba aipuuze sindano ya rangi inayoonyesha alama juu ya ukurasa. Kipimo hicho kimewafaa zaidi wapambe kuliko wasomaji: mgombea akipewa "kweli kwa kiasi kikubwa", alama hiyo huingia kwenye tangazo lake jioni hiyohiyo bila lile "lakini" lililo katika aya ya tatu, na akipewa "uongo", huwaambia wafuasi wake kwamba wahariri wananunuliwa. Vilevile, wale wanaojumlisha alama za mtu na kudai kwamba fulani ni mwongo kwa asilimia kadhaa wanakosea hesabu, kwa kuwa waandishi huchagua kauli zinazotia shaka na zinazozungumzwa, wala hawachoti kauli zote kama atoaye sampuli ya nafaka sokoni.

Kama mtu aliyezaliwa Mombasa, nina sababu binafsi ya kuishukuru huduma hii. Mwaka 2009 ilisambazwa karatasi iliyodaiwa kuwa cheti cha Obama cha kuzaliwa katika hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa, ili ionekane kwamba hakuzaliwa Marekani, ikiwa na kichwa cha Jamhuri ya Kenya na tarehe ya Februari 1964. PolitiFact ilieleza kwa subira kwamba ni ya kughushi. Mtoto yeyote wa Kenya anayeshangilia Jamhuri Dei kila tarehe 12 Desemba angewasaidia kwa dakika moja, kwani mwezi huo wa Februari nchi yetu haikuwa bado jamhuri. Hata hivyo nilifurahi kuwa na makala ya kumpelekea mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa akiniuliza kila Jumatatu.

Udhaifu mkubwa zaidi kwangu ni siasa za jimbo. Huduma hii hutegemea washirika wa mahali: huko Wisconsin, pamoja na gazeti la Milwaukee Journal Sentinel, walifuatilia kwa miaka ahadi ya Gavana Scott Walker ya ajira 250,000 katika muhula wake wa kwanza, mwezi baada ya mwezi, hadi ikaonekana kwamba haikutimia. Ohio nasi tulikuwa na tawi letu tangu 2010 kupitia The Plain Dealer la Cleveland, lakini ushirikiano huo ulikwisha miaka michache baadaye. Matokeo yake ni kwamba kauli ya rais itahakikiwa kabla ya kiamsha kinywa, ilhali mbunge wa jimbo anayepanga ada za shule za wanangu anaweza kusema lolote kamatini na asiguswe na mtu. Lugha nayo ni Kiingereza na Kihispania tu, hivyo wazee wa kundi letu husubiri tafsiri yangu.

Kwa mambo ya jimbo nimerudi kwenye The Ohio Channel, inayorusha vikao vya bunge la Columbus bila malipo na bila alama yoyote. Kikao kimoja cha kamati kinaweza kula jioni nzima, nami huwa nakisikiliza nikiwa jikoni, daftari likiwa karibu na sufuria.