Kliniki ya utafiti wa kifua kikuu Mbeya mjini: nesi safi, simu haipokelewi

Nilimsindikiza mama mdogo, anauza ndizi Mwanjelwa, kwenye kliniki moja ya utafiti hapa mjini. Jina la kliniki naliacha maana nina lawama nayo.

Kwanza nesi. Mama mdogo hajui kusoma, na sokoni walishamjaza kwamba wale ni mumiani, damu wanauza. Nesi hakumcheka. Alimwamkia kwa Kinyakyusa, akachukua kijiko cha chai, akamimina maji vijiko viwili kwenye kichupa: "Mama, ni mililita 10, ndiyo hii." Akamsomea fomu ya ridhaa yote kwa Kiswahili, kila kipande akisimama: "Hebu niambie, hapo nimesema nini?" Suala la kuhifadhi damu na kuipeleka maabara ya nje lilikuwa na ndiyo na hapana yake. Mama mdogo akakubali utafiti, damu kusafiri akakataa katakata. Hakuna aliyenuna. Akaweka dole gumba, mimi nikasaini kama shahidi.

Hapo ningewapa nyota zote. Ila upole peke yake haunitoshi. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", kumbe wanachunguzwa tu. Hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida hawakupewa. Nao walikuwa na nesi wao waliyempenda, aliyewafuata kwa gari hadi nyumbani.

Kwa hiyo mimi naangalia karatasi na simu. Nakala ya fomu, ambayo ni haki yake, hatukupewa: eti mashine ya fotokopi mbovu. Usiku mama mdogo akashikwa na kizunguzungu, nikapiga namba ya dharura iliyo kwenye kadi. Inaita, inaita, hadi ikakata. Walipokea asubuhi, saa tatu imeshapita. Na nauli unasaini kwenye daftari lililo wazi mezani, majina ya watu yote nje. Mama mdogo hajui kusoma, lakini mimi niliyesimama nyuma yake nimemwona jirani yetu humo. Kwa ugonjwa kama huu, jamani!

Nyota tatu. Ukienda, usinyanyuke kitini bila nakala, na hakikisha ina namba mbili: ya watafiti na ya kamati ya maadili ya NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Hiyo ya pili tayari nimeisevu kwenye simu ya mama mdogo.