LibraryThing na TinyCat kwa maktaba ndogo: bakapu yake tumeijaribu hapa Ujiji

Nasaidia kwenye maktaba ya mtaa hapa Ujiji, vitabu kama 1,800 hivi, tunaviingiza LibraryThing, tovuti ya kuorodhesha vitabu, halafu wasomaji wanatafuta kwenye TinyCat, katalogi yake ya mtandaoni, kwa simu zao. TinyCat inabeba mpaka vitabu 20,000 kwa hiyo sisi huku mwisho wa reli nafasi tunayo tele. Kwenye kutafuta vitabu iko poa sana, sina neno, mi nataka niongelee bakapu, yaani nakala ya akiba, maana hapo ndo tuliwahi kuumia.

Katalogi yetu ya kwanza ilikuwa Excel kwenye laptopu moja. Siku hiyo umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, laptopu ikaungua mpaka diski, fundi kahangaika nayo wiki nzima akaturudishia hivyo hivyo. Vitabu vya Kiingereza havikutusumbua kurudia, unapiga ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, taarifa zinakuja zenyewe kutoka Library of Congress au Amazon, ila vyetu vya zamani vya Kiswahili, vile vya namba za 9976 za Tanzania, vingi havikuja, na vingine havina hata ISBN, vijitabu tulivyoachiwa na wazee wetu, hivyo mtu anakaa anaandika jina, mwandishi, mwaka, kurasa, kimoja baada ya kingine. Kazi kama hiyo kuifanya mara mbili inauma jamani.

Sasa LibraryThing unaingia kwenye akaunti, unaenda palipoandikwa Export, unashusha orodha yako yote, hakuna kuomba ruhusa wala kulipia. Sisi tunashusha mafaili mawili, lile la maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo na lile la MARC. La tabo hata mwanafunzi analisoma, na MARC ndo mfumo wa maktaba tangu miaka ya 1960, siku tukiamua kuhamia Koha, programu nyingine ya maktaba, nayo inalielewa. Orodha yetu nzima ni ndogo kuliko picha moja ya simu, bando haligusiki.

Ila hapa muwe makini sana. Faili la tabo ukilifungua tu Excel bila kuiambia kitu, ISBN zinaweza kugeuka 9.78E+12, na zile za zamani zinazoanza na sifuri ile sifuri inaweza kupotea, ukisevu hivyo juu yake bakapu umeshaiharibu mwenyewe. Fungua Excel kwanza, halafu uliingize faili kwa njia ya kuimpoti, safu ya ISBN iweke kuwa maandishi. Na ufanye hivyo kwenye nakala, lile faili lenyewe usiliguse.

Picha za majalada hazimo kwenye hayo mafaili. Vile vitabu vya wazee tulivipiga picha wenyewe kwa simu, kwa hiyo picha tunazitunza kwenye folda lake. Habari za nani kaazima nini hatuyategemei mafaili hayo, sisi bado tuna daftari na hatuliachi.

Flashi ya bakapu isiende steshenari kuprintia. Yetu ilirudi na virusi, mafaili yote yamefichwa zimebaki shotikati tupu, bahati nzuri nakala nyingine ilikuwa kwenye imeili ya maktaba. Siku hizi zipo tatu, imeili, flashi ya kabatini, na flashi ya mwenyekiti nyumbani kwake Gungu, maana moto ukiwaka hapa kabati nalo linaenda.

Mwezi uliopita tukafungua akaunti nyingine ya bure tukalipandisha lile faili la MARC kuona kama kweli vitabu vinarudi, vikaja, na vile vya 9976 tulivyoandika kwa mkono vimo, bi mkubwa anayetunza funguo alifurahi mpaka akataka aonyeshwe kimoja kimoja.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kushusha ni mpaka mtu akumbuke mwenyewe, sisi tumeiweka kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na aliyeshusha anaandika tarehe kwenye daftari la kuazimisha.