Fundi kanzu wa Mchangani anaerekebisha suti za judo, mie nimemkubali

Assalaam alaykum jamani, leo nataka nimuelezee fundi mmoja wa Mchangani, hapa mjini Unguja, kwa sababu kila wiki pale ukumbini kuna mzazi ananiuliza suti za vijana nazishonesha wapi, na kueleza mmoja mmoja kwenye simu nimeshindwa. Duka halina bango. Ukitokea Darajani ingia Mchangani, pita maduka ya vitambaa, kata uchochoro wa kushoto, utasikia cherehani kabla hujamuona mwenyewe. Kazi yake ya asili ni kanzu na judo hajawahi kucheza hata siku moja, ndo maana mwanzo nilikua sina imani nae kabisa.

Kilonipeleka kwake ni hichi. Mie nasaidia kufundisha vijana, na safari moja tulokwenda nje na timu kijana wetu wa kilo 66 alikwama kwenye meza ya kukagua suti. Wasojua judo wanadhani suti ni sare tu kama jezi ya mpira, hapana, judo ni kukamata nguo ya mwenzio, kwa hivyo ukivaa mkono mfupi au wa kubana ushamnyima mpinzani pa kushika, na sheria za IJF, shirikisho la judo la dunia, ziko kali hapo. Ukinyoosha mikono mbele mkono wa koti ufike kwenye kifundo cha mkono, ndani ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15, koti lifunike makalio, suruali isipande zaidi ya sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu, na ncha za mkanda ukishafunga zibaki sentimita 20 hadi 30. Ukifeli hapo unavaa suti ya akiba na kocha wako anaweza kuzuiwa kukaa kwenye kiti, yaani unaingia kwenye mkeka peke yako.

Suti yetu tuliagiza mtandaoni na muuzaji alituambia ishaingizwa maji kiwandani haitorudi tena. Imefuliwa mara tatu tu hapa kwetu mkono ukapanda vidole viwili. Akiba hatukua nayo, tukaazima kwa timu nyengine, koti lilikua kubwa limejaa upepo kama tanga la ngalawa, mpinzani akapata kitambaa cha kushika kila anapotia mkono na dakika ya pili kijana kapigwa ippon, yaani pigo linalomaliza mchezo pale pale. Mwaka mzima wa mazoezi. Usiku ule alilia na mie nilikaa macho mpaka alfajiri nikijilaumu, kwa sababu kupima suti ilikua kazi yangu mie sio yake.

Tulivorudi Unguja nilizungusha suti kwa mafundi watatu. Wawili walikataa wakasema kitambaa kizito kitawavunjia sindano, na kweli kizito, koti la mashindano linakwenda gramu 650 mpaka 750 kwa mita mraba. Wa tatu alikata mkono bila kunambia. Huyu wa Mchangani alilishika koti, akalipapasa ukosi, akauliza suali moja tu, "Huyu mtoto nguo zake anafulia maji gani?" Pale pale nikajua nimefika kwa mtu anaejua pamba. Hakugusa mkasi siku ile, alililoweka koti, akalianika kivulini, akalirudia tena, kesho yake ndo akapima, na alimtaka kijana aje mwenyewe anyooshe mikono kama anavyofanya mezani.

Kumbe ndani ya pindo la mkono kulikua na akiba ya kitambaa karibu sentimita tatu. Akafumua pole pole kwa wembe, akaishusha, akabadilisha sindano akatia nene, akapiga mistari mitatu ya mshono pale ambapo kiwandani walipiga miwili. Ukiutazama ule mkono leo hujui kama ulifumuliwa. Wanaovaa kanzu nzuri wananielewa, ile kazi ya shingoni ya kanzu ambayo mtu anaikagua kwa kidole akiwa msikitini ndo mkono huo huo alouweka kwenye suti ya judo. Na lebo ya IJF hakuigusa kabisa, nilimueleza mara moja tu kuwa bila ile lebo suti haina thamani kwenye mashindano makubwa, akaizungushia chaki ili hata kijana wake wa kazi asije akaisogelea.

Bei alonitoza kwa mikono miwili ilikua 8,000, kukunja suruali 4,000, kushonea namba ya mgongoni 10,000. Sasa linganisha na suti mpya yenye lebo, ya mwisho tuloagiza ilipita laki nne kabla ya usafiri, na tangu 1997 IJF ilipopitisha ya buluu mchezaji wa kimataifa anahitaji mbili, nyeupe na buluu. Familia za vijana wetu wengi zinauza samaki, zinauza urojo, wapi watatoa laki nane?

Hiyo namba ya mgongoni nataka niisemee zaidi. Pale ndo jina lako na nchi yako. Sie Wazanzibari kwenye mashindano ya kanda tumewahi kucheza kwa jina letu, lakini Olimpiki tunakwenda kwa Tanzania kwa sababu Zanzibar peke yake si mwanachama wa IOC, kamati ya Olimpiki ya dunia, mgongoni unaandikwa TAN (na kwenye mpira mnakumbuka CAF walitukubali uanachama Machi 2017, Julai wakatutoa, maumivu yale bado ninayo). Kwa hivyo ikiwa ZANZIBAR au TAN mie nataka ikae sawa, isiinuke pembe, isikunjike mtu akivutwa. Olimpiki ya Paris 2024 mchezaji wetu wa Tanzania Andrew Thomas Mlugu alipopigana kilo 73 nilikua pale pale dukani na simu mkononi. Fundi aliacha cherehani akaja kusimama nyuma yangu, tukashangilia pamoja alipompiga Msamoa, tukanyamaza pamoja alipotolewa na Joan-Benjamin Gaba wa Ufaransa ambae mwisho aliondoka na medali ya fedha. Halafu akanambia nirudishe nyuma picha. Alikua anatazama kile kitambaa cha mgongoni, pembe zake nne, namna zilivyoshikwa. Wiki ilofata za vijana wetu zote alizirudia bila ya kuombwa na hakuchukua hata shilingi.

Wasichana nao kawashonea kofia laini za kubana kichwa, hazina pini wala kifungo, za mazoezi na mashindano ya hapa nyumbani. Wazo lilitoka kwa yule msichana wa Saudia, Wojdan Shaherkani, alocheza London 2012 na kofia baada ya mvutano mkubwa. Ukienda nje ulizeni kwanza waandaaji, msiende na kofia mkononi mkategemea huruma ya mezani.

Kasoro zipo na nazisema kwa sababu nampenda. Ahadi yake ya siku tatu hesabu sita. Ramadhani kumi la mwisho usimpelekee kitu kabisa, kanzu za Idd zimejaa mpaka mlangoni na hata simu hapokei. Risiti hakuna, anaandika kwenye daftari la skuli, vipimo vya kila mtoto viko humo na likipotea daftari hilo sote tumekwisha, nimemuomba mara ngapi nilipige picha, siku hizi amekubali. Mara moja suti nyeupe aliipiga uzi wa buluu magotini, nilikasirika kweli, akafumua usiku ule ule. Umeme ukikatika yeye anaendelea, cherehani ya miguu hajaiuza tangu kile kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kilipomfunza.

Nampa nne na nusu kwa tano, nusu imekatwa na zile siku sita.

Mkienda suti iwe ishafuliwa angalau mara tatu kwa maji yenu ya nyumbani, na mchezaji aende mwenyewe, musimpe mdogo wake aipeleke kwenye mfuko, hatopima. Tumebakisha mwezi na kitu kabla ya safari. Sie tumepeleka nne Jumatatu, mbili nyeupe mbili buluu, yule kijana wa kilo 66 safari hii kasimama pale na mikono mbele mpaka fundi alipomaliza kuandika. Nazifata Jumapili baada ya Alasiri.