Santuri ya Ruth Brown, kiduka cha Kamalondo

Papa mwenye kiduka cha santuri pale Kamalondo, Lubumbashi, aliniwekea Ruth Brown, mwimbaji wa Marekani, nisikilize kabla ya kulipa. Kwa hilo tu anastahili sifa. Upande wa pili una mikwaruzo, lakini sauti ile! Kwenye "Teardrops from My Eyes" ya 1950, mwisho wa neno sauti inapanda ghafla na kukatika, kama mtu anayezuia kilio. Nilirudia wimbo huo tu.

Mama huyu wa Portsmouth, Virginia, aliuza santuri nyingi hata kampuni ya Atlantic ikaitwa nyumba aliyoijenga Ruth. Miaka ya 1960 alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za watu ili alee watoto wake. Inaniuma sana. Alidai malipo ya nyimbo zake kwa kampuni hiyo miaka mingi, akayapata mwishoni mwa miaka ya 1980, na vita vyake vikasaidia kuanzishwa kwa mfuko wa wanamuziki wenzake wa zamani. 1989 akapata Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani ya Marekani.

Bei iko juu kidogo. Mwambie, "Papa, unipunguzie," atakusikiliza. Jumapili anafungua baada ya misa.