Process Monitor kwenye seva za Lubumbashi: uzoefu wangu na "Accès refusé"

Kama ningeambiwa nibaki na programu moja tu ya kutengenezea seva za Windows, ningechagua Process Monitor bila kusita. Ninahudumia seva za depo, maduka ya jumla na biro ndogo hapa Lubumbashi, kuanzia komini ya Kampemba hadi komini ya Kenya, na lalamiko ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote ni lile lile: programu iliyokuwa ikifanya kazi jana, leo inaandika "Accès refusé" (yaani umekatazwa kuingia) na kunyamaza. Haisemi imekatazwa kugusa nini. Haisemi aliyekatazwa ni nani. Process Monitor inasema yote mawili, na naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao bado wanatafuta kwa kubahatisha, huku wenye mali wamewasimamia.

Programu hii ina historia nzuri. Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianza kutoa zana zao za Windows mwaka 1996, zikaja kujulikana kwa jina la Sysinternals. Walikuwa na Filemon ya kuchunguza mafaili na Regmon ya kuchunguza rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows. Microsoft iliwanunua mwaka 2006, na mwaka huohuo zana hizo mbili zikawa moja, ndiyo Process Monitor. Ni ya bure. Ina uzito wa megabaiti chache, haisakinishwi, unaitoa kwenye zip na kuibofya. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa kipimo, hilo si jambo dogo.

Kazi yake ni kurekodi. Kila prosesi (programu inayoendelea kufanya kazi) inapogusa faili, folda au rejista, unaandikwa mstari mmoja: saa, jina la prosesi, kitendo, mahali faili lilipo, na matokeo. Ukiiwasha bila kuichuja utaona maelfu ya mistari ikikimbia hata husomi kitu, na najua mafundi walioifungua mara moja, wakaogopa, wakaifunga moja kwa moja. Usiogope. Nguvu yake yote iko kwenye filta.

Nitaeleza kwa mfano wa depo moja inayouza dawa kwa jumla. Wana seva moja yenye Windows Server 2019 ya Kifaransa, na juu yake programu ya faktire inayoendeshwa na IIS, sehemu ya Windows inayohudumia tovuti. Wauzaji wanaifungua kwa kivinjari kwenye mashini zao. Kila asubuhi faktire ya kwanza ilikataa kutoka, kwa sababu programu ilishindwa kusoma faili la bei. Fundi aliyenitangulia alikuwa na utaratibu wake: anafungua folda ya bei, anaipa "Tout le monde" (watu wote) ruhusa ya "Contrôle total" (mamlaka kamili), na kazi inaendelea hadi jioni. Kesho yake yale yale. Ilipozidi, wauzaji wote wakaingizwa kwenye kundi la "Administrateurs" (wasimamizi), na bado asubuhi faktire haikutoka. Nilipoitwa, wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni, wengine wametoka Likasi na Kipushi na wana gari la kurudia. Mwenye depo aliniambia neno moja tu: "Fundi, nataka kujua kwa nini, sitaki kutengenezewa tena."

Ombi lile lilinigusa, kwa sababu ndivyo mteja anavyostahili kujibiwa.

Nilifungua Process Monitor kama msimamizi (bila hivyo haikubali kabisa, inahitaji kupakia draiva yake). Ctrl+E kusimamisha kurekodi, Ctrl+X kufuta yaliyokwisha kujaa, kisha Ctrl+L kuweka filta: Process Name iwe w3wp.exe, ambayo ndiyo prosesi ya IIS, na Result iwe ACCESS DENIED, yaani imekatazwa. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: safu ya User haionekani mwanzoni. Nenda Options, halafu Select Columns, uitie alama. Bila safu hiyo unapoteza nusu ya jibu. Nikawasha tena kurekodi, nikamwomba mama wa mauzo ajaribu faktire moja, nikasimamisha.

Uliotokea ni mstari mmoja tu. Faili ni D:\Facturation\Tarifs\tarif.csv. Matokeo ni ACCESS DENIED. Mtumiaji ni IIS APPPOOL\Facturation. Na kwenye Detail: Desired Access: Generic Read.

Mstari ule ulimaliza mabishano ya muda mrefu pale bironi. Anayesoma faili la bei si muuzaji. Ni akaunti ya programu yenyewe, akaunti ambayo IIS huiunda kwa kila kapu la programu (application pool), na ndiyo kawaida tangu Windows Server 2008 R2. Kwa hiyo kuwafanya wauzaji kuwa wasimamizi hakukuwa na uhusiano wowote na tatizo, kulifungua tu mlango kwa kirusi chochote kitakachoingia kupitia barua pepe ya muuzaji mmoja. Tena programu iliomba kusoma tu. Haikuomba kuandika, haikuomba kufuta. Ile "Contrôle total" haikuhitajika hata siku moja.

Lakini kulikuwa na fumbo. Folda ya Tarifs ilikuwa tayari na "Tout le monde" yenye ruhusa kamili. Imekuwaje faili lililomo ndani likataliwe? Nilifungua sifa za faili lenyewe, nikaona wanaoruhusiwa ni Système (Windows yenyewe) na Administrateurs peke yao. Faili halikuwa limerithi ruhusa za folda yake.

Hapo ndipo Process Monitor ilipojilipa mara ya pili. Kila usiku makao makuu yanatuma bei mpya, zinafikia D:\Reception, halafu kazi iliyopangwa inazipeleka Tarifs. Niliacha programu ikirekodi usiku kucha, filta ikiwa juu ya tarif.csv peke yake. Asubuhi nikakuta cmd.exe imefanya SetRenameInformationFile kutoka Reception kwenda Tarifs. Yaani skripti ilitumia amri ya move. Na kwenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, faili likihamishwa kwa move ndani ya diski ileile halitengenezwi upya, linabadilishiwa anwani tu, na linakwenda na ruhusa zake za kule lilikotoka. Kule Reception waliruhusiwa wasimamizi tu, tena kwa sababu nzuri. Faili likinakiliwa, hilo ni faili jipya, linarithi ruhusa za folda linakofikia.

Ikaeleweka pia kwa nini yule fundi alifanikiwa kila asubuhi. Ukibadilisha ruhusa za folda kwenye dirisha la Windows, Windows inazisambaza upya kwa mafaili yaliyomo. Faili la siku ile linapona, na usiku linakuja jingine lenye ugonjwa uleule.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko uchunguzi. Skripti tuliibadilisha ili inakili kwanza, kisha ifute nakala ya Reception. "Tout le monde" tuliiondoa kwenye Tarifs. Akaunti ya programu tuliipa kusoma na kuendesha (ndiyo RX), bila kuandika, kwa icacls, amri ya Windows ya kupanga ruhusa:

icacls D:\Facturation\Tarifs /grant "IIS AppPool\Facturation:(OI)(CI)RX"

Yale mafaili yaliyokuwa tayari mle ndani tuliyarudishia urithi kwa icacls yenye /reset. Na kabla ya kugusa chochote nilihifadhi ruhusa zote za zamani kwa icacls yenye /save, ambayo ina mwenzake /restore. Fundi asiyefanya hivyo kwenye seva ya mtu anacheza na riziki ya watu. Kumbuka pia kwamba akaunti za aina hii huzioni kwenye orodha ya watumiaji ukitafuta kwenye dirisha. Lazima uandike jina lake lote, na pale kwenye mahali pa kutafutia uchague seva yenyewe, si domeni (mtandao wa mashini zenye usimamizi mmoja).

Sasa niseme kuhusu Kifaransa, maana seva zetu nyingi za Kongo zimewekwa kwa Kifaransa na maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya Kiingereza. Ukichukua amri yenye Everyone au Users ukaipiga kwenye seva ya Kifaransa, icacls inakujibu "Le mappage entre les noms de compte et les ID de sécurité n'a pas été effectué", na fundi anadhani seva imeharibika. Haijaharibika, haimjui tu mtu wa jina hilo. Tumia namba ya kundi badala ya jina, ukitanguliza nyota: *S-1-5-32-545 ni Utilisateurs, *S-1-5-32-544 ni Administrateurs, *S-1-1-0 ni Tout le monde. Namba hizo ni zilezile kwenye Windows ya lugha yoyote, nami skripti zangu zote nimezibadilisha ziwe za namba. Process Monitor yenyewe ni ya Kiingereza hata kwenye seva ya Kifaransa. Kwa fundi kijana aliyesoma kwa Kifaransa hilo ni zito mwanzoni, na ningependa sana Microsoft walirekebishe. Faida yake ni kwamba ACCESS DENIED inaandikwa vilevile kila mahali, kwa hiyo filta ya Lubumbashi inafanya kazi hata Dar es Salaam.

Kasoro zipo, na nyingine ni za kuumiza. Kwanza ni kumbukumbu ya mashini (memori): bila mpangilio wowote inahifadhi kila tukio, hata yale ambayo filta inayaficha, na ukiiacha saa nyingi inaweza kuielemea seva hadi wauzaji walalamike. Ukirekodi kwa muda mrefu washa Drop Filtered Events, ili yasiyohitajika yatupwe, na kwenye Backing Files elekeza rekodi kwenye diski yenye nafasi. Kama umeingia kwenye seva kutoka mbali kwa RDP, kata muunganisho tu bila kufunga kikao, itaendelea yenyewe. Pili ni umeme. Rekodi ya PML (faili ambamo Process Monitor inahifadhi matukio) isiyofungwa vizuri inakataa kufunguka baadaye, na hapa kwetu umeme ukikatika usiku na betri za inverta zikachoka, kazi yako yote imekwenda. Sirekodi tena usiku bila kukagua betri kwanza.

Tatu, si kila ACCESS DENIED ni ugonjwa. Programu nyingi huomba ruhusa kubwa, zikikataliwa zinaomba ndogo, zinapewa, na maisha yanaendelea. Anayeanza atakimbilia kila mstari wa ACCESS DENIED na kugawa ruhusa zisizo na maana. Angalia mstari unaofuata kwa faili lilelile: kama ni SUCCESS na kazi imefanyika, acha. NAME NOT FOUND (jina halikupatikana) nazo zinamwagika kwa wingi, na nyingi ni programu kutafuta faili sehemu mbalimbali hadi ilipate.

Nne, inakuonyesha kwamba umekataliwa, haikuonyeshi ni kanuni ipi iliyokukataa. Kwa hilo ninaongeza AccessChk, zana ya kuonyesha nani ana ruhusa gani, ya Sysinternals hiyohiyo. Na kuna wakati ruhusa zote ziko sawa ila mkataaji ni Defender, kinga ya virusi ya Windows, kwa ulinzi wake wa folda. Ukiona ruhusa hazina kosa, fungua kumbukumbu za matukio za Defender utafute namba 1123.

Ikiwa programu yako inaandika kwenye seva nyingine kupitia folda ya pamoja, usihangaike kutafuta IIS APPPOOL kule. Kwenye domeni, akaunti hiyo ikitoka nje ya seva inajitambulisha kwa jina la mashini, lenye alama ya dola mwishoni, mfano DEPO\SRV-APP$. Hilo ndilo la kupewa ruhusa, na lipewe pande zote mbili, kwenye kushirikisha na kwenye NTFS, maana ile inayobana zaidi ndiyo inayoshinda.

Neno la tahadhari kwa wanaopenda kutumiana rekodi kwa WhatsApp ili wasaidiwe. PML haibebi yaliyomo ndani ya mafaili, lakini inabeba majina ya watumiaji, majina ya folda, na amri zilizopigwa kuanzisha prosesi. Kuna programu zinazoanzishwa na nenosiri likiwa ndani ya amri. Mimi natuma tu mistari michache niliyoichagua, na wakati wa kuhifadhi nachagua matukio yanayoonekana kwenye filta badala ya yote.

Kwa ujumla naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu niliyoipunguza ni kwa sababu ya memori. Pale depo, wauzaji wametolewa kwenye Administrateurs. Mwenye depo aliuliza kama naye lazima atoke. Nilimweleza kwamba akaunti yake ya kufungulia faktire na akaunti ya kusimamia seva zinapaswa kuwa mbili, akakubali, na tukazitenganisha mchana uleule.