SOLT au TRL: usawazishe vipi kichanganuzi cha mtandao?

Kichanganuzi cha mtandao (VNA) ni kifaa cha kupimia jinsi mawimbi ya redio yanavyopita au kuakisiwa kwenye saketi, na kabla ya kupima husawazishwa kwa vipande vya rejea. Njia ya SOLT hutumia shoti, ncha wazi, mzigo wa omu 50 na muunganisho wa moja kwa moja kati ya milango yake miwili. Ni ya haraka, na seti moja hufanya kazi kuanzia masafa ya chini kabisa. Ila usahihi wake unategemea jinsi vipande hivyo vinavyojulikana. Ncha wazi, kwa mfano, si wazi kikamilifu. Ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) yake ndogo, na masafa yakipanda ndipo inapokuumbua.

TRL (muunganisho, kiakisi na laini), iliyochapishwa na watafiti Engen na Hoer mwaka 1979, haidai mengi. Kiakisi si lazima kijulikane, mradi kiwe kilekile kwenye milango yote miwili. Msingi wote ni impidansi (ukinzani kwa mawimbi) ya laini, yaani njia ya kupitishia mawimbi. Hapo ndipo penye mtego: tofauti ya fezi kati ya laini na muunganisho inatakiwa iwe kama nyuzi 20 hadi 160, kwa hiyo laini moja hufunika masafa ya uwiano wa 1 kwa 8 tu, kwa mfano gigahezi 1 hadi 8. Ukishuka hadi megahezi 100, laini ya robo ya wimbi (nyuzi 90, katikati ya 20 na 160) hewani ni sentimita 75. Nani ana meza ya hivyo?

Kwa gharama, seti nzuri ya SOLT hununuliwa ghali, ilhali laini za TRL unazichora kwenye bodi yako ya saketi. Zote zinataka viunganishi safi.

Ukipima kwa kebo, chukua SOLT. Kifaa kikiwa katikati ya bodi, kwenye gigahezi kadhaa, mimi ningechora laini.