Kabla ya Kununua Mdeki, Zungusha Mpini

Mdeki wangu wa kwanza, yaani fimbo ya kusafishia mtutu wa bunduki, ulikuwa wa vipande vitatu vya kuunganisha, ndani ya kisanduku cha kupendeza kilichojaa burashi za kila saizi isipokuwa yangu. Yangu nikainunua kando. Siku ya tatu nikavuta fimbo, fimbo ikaja peke yake. Burashi imebaki katikati ya mtutu. Nikadhani sikuikaza. Nikaikaza kwa koleo. Ikafunguka tena.

Tatizo lilikuwa mpini. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, ndiyo inayoizungusha risasi, na burashi ikisukumwa hutaka kuifuata. Mpini usiozunguka huizuia fimbo isigeuke, burashi ikageuka peke yake. Mitutu mingi mifuo yake imepinda kulia, upande unaolegeza uzi wa burashi, kwa hiyo kila ukisukuma mbele unaifungua burashi kwa mkono wako mwenyewe. Hata isipofunguka, nywele zake huruka juu ya mifuo na masizi yakabaki humo humo. Urefu na unene vimeandikwa kwenye pakiti, sina haja ya kukusomea. Wewe shika fimbo kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, zungusha huku unakandamiza kidogo. Ukikwama, rudisha rafuni.

Namba moja kwangu ni Dewey, ule wa kipande kimoja cha chuma kilichovikwa nailoni, na sifichi kwamba naupendelea. Mpini una beringi, fimbo inazunguka hata ukiusukuma kwa nguvu. Ila futa nailoni kila ukipitisha, maana chembe ngumu hunata pale. Kero yake ni uzi wa skrubu: fimbo zake nyingi hazipokei burashi za kawaida bila adapta. Kwa nini adapta isiwe jambo la kwanza muuzaji kukuambia, sijui.

Tipton wa nyuzi za kaboni namba mbili. Nao una beringi, na ukipinda hunyooka wenyewe. Asiyetaka habari za adapta achukue huu.

BoreSnake, ile kamba ya kuvuta, ni ya safarini. Haina mpini wa kukuudhi, lakini uchafu inaoutoa inabaki nao. Usipoifua, unaurudisha ndani. Ya vipande vya alumini: maungio yanakwaruza. Basi.

Vyovyote utakavyochagua, toa risasi, angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, chomoa bolti inayoifunga kwa nyuma, kisha pitisha kutoka nyuma. Mdomo wa mtutu ukilika kwa kusuguliwa na fimbo, shabaha imeharibika. Na usisafishe kwa mazoea. Bunduki ikinyeshewa, siku hiyo hiyo. Risasi zenye fataki zinazoacha chumvi ya kutia kutu mtutuni, maji kwanza, kisha mafuta, kabla ya kulala. Vinginevyo mimi husubiri matundu yaanze kutawanyika kwenye shabaha; bunduki yangu ndogo ya .22 huenda muda mrefu mtutu wake haujaguswa.

Yule aliyeniuzia kile kisanduku nilimrudia. Akaniambia mpini mgumu ndio imara, wa kuzunguka huchakaa haraka. Nikamwomba aufungue mmoja anionyeshe beringi iliyochakaa. Akaniuliza kama nataka na kopo la mafuta.